Geti la Baba Mkwe

Daktari Ndoo hakukulia kwenye ng'ombe. Baba yake alikuwa kinyozi, mama yake alishona mapazia, na familia nzima iliishi vyumba viwili juu ya duka la vioo, mahali ambapo mnyama mkubwa kuliko wote alikuwa paka wa mwenye nyumba. Alipopata nafasi chuoni kusomea udaktari wa mifugo, mama yake alikaa jikoni na barua mapajani akadondosha machozi, na hayakuwa ya furaha.

"Mimi nilijua udaktari wa watu," alisema.

Kinyozi alikuwa ananoa mkasi. "Ng'ombe naye anaumwa," akamjibu mkewe. "Tena maskini hawezi hata kusema anaumwa wapi. Huyo ndiye wa kuhurumiwa."

Jina la Ndoo alilipata kazini. Kwenye gari lake la kazi, nyuma ya kiti, kulikuwa na ndoo ya bluu, brashi ya kusugulia sakafu na chupa ya dawa ya kuua vijidudu. Kabla hajatia mguu kwenye zizi la mtu alichota maji, akasugua buti zake za mpira mpaka kwenye nyayo, na akitoka alizisugua tena. Wafugaji walimcheka mno. "Tumeita daktari wa ng'ombe, kumbe amekuja kufua viatu," walisema. Naye hakukasirika.

"Viatu hivi vimetoka kwa jirani yako," aliwajibu, akiendelea kusugua. "Na wewe unamwamini jirani yako?"

Hapo wengi walimwongezea maji.

Mumewe alimpata ofisini. Milango ya kabati la dawa ilikuwa imelegea, akaitwa seremala, akaja kijana mrefu mpole mwenye penseli sikioni. Fundi alifanya kazi ya saa moja kwa siku tatu. Milango ikafungika vizuri kuliko ilivyokuwa mpya, na siku ya mwisho akasema, bila kumtazama, kwamba baba yake naye ana ng'ombe wa maziwa.

"Basi nitakuja kuwaona," Daktari akasema.

"Kuwaona utawaona," Fundi akajibu. "Kuwagusa ndiyo kazi. Baba haruhusu mtu."

Alidhani ni utani. Walipooana wakahamia nyumba ndogo nyuma ya shamba la wazazi, ukipita karakana ya Fundi, na hapo ndipo alipojua kwamba haukuwa utani hata kidogo. Kila asubuhi alisikia ng'ombe wakiitana, akasikia maziwa yakipiga chini ya ndoo, akasikia sauti ya baba mkwe ikibembeleza mmoja mmoja kama anaamsha watoto wa shule. Yeye alipita kando ya uzio na mkoba wake wa dawa, akaingia kwenye gari, akaenda kutibu ng'ombe wa watu wengine.

Baba mkwe hakumfanyia ubaya. Alimheshimu mpaka ikawa inauma. Akiingia sebuleni, mzee alisimama. Kiti chake kilifutwa kabla hajakaa. Alimwita Daktari, asubuhi na jioni, kwa sauti ile ile ambayo mtu hutumia kwa mgeni aliyekuja na gari la serikali. Lakini ng'ombe akikohoa, mzee alimwita bwana mmoja mstaafu wa ng'ambo ya bonde, aliyekuja kwa baiskeli, mkono ukitetemeka, akachoma sindano yake na kuondoka.

"Ungeniambia tu, Baba," Daktari alijaribu siku moja. "Nipo hapa hapa."

"Nisikusumbue, Daktari. Una kazi nyingi."

"Na chanjo, Baba? Hawa hawajachanjwa muda mrefu."

"Tutaangalia," mzee akasema, na kwa baba mkwe neno hilo lilikuwa na maana moja tu.

Alimlalamikia mumewe, mumewe akakuna kichwa. Akamlalamikia mama mkwe, mwanamke mwembamba mcheshi ambaye alikuwa hakai chini. Mama mkwe akacheka. "Vumilia, mwanangu. Mimi mwenyewe nilikaa ndani ya nyumba hii mpaka nikazaa ndipo akaniachia kukamua. Tena alisimama nyuma yangu ananiangalia, utadhani nakamua dhahabu."

Daktari akavumilia. Lakini moyoni kulikuwa na kidonda kidogo. Mashamba yote ya jirani yalimwamini, isipokuwa nyumba aliyolala.

Ndipo ukaja ugonjwa.

Chini kidogo ya shamba lao, kwenye mteremko, alikuwepo mstaafu mmoja wa posta. Alikuwa amesambaza barua maisha yake yote na sasa ameamua kufuga. Alinunua mitamba mnadani, akawapeleka nyumbani, akawapiga picha. Hakuwatenga na wale wachache aliokuwa nao. Hakujua kwamba mnyama mgeni hutengwa kwanza, na hakuna aliyemwambia. Asubuhi moja alimpigia Daktari, sauti imekauka.

"Wanatoa udenda," alisema. "Wengine wanachechemea. Nimedhani labda ni majani mabichi."

Daktari alifika, akaosha buti, akaingia bandani. Ng'ombe walisimama wamekunja migongo, nyuzi za mate zikining'inia hadi chini, na mmoja alikuwa anainua mguu huu, anaushusha, anainua ule, kama anayekanyaga makaa. Akamshika wa kwanza pua, akamfungua mdomo. Ngozi ya ulimi ilikuwa imevimba malengelenge, na mahali yalipopasuka, nyama ilionekana nyekundu. Hakuhitaji kumfungua wa pili, ila alimfungua, kwa sababu alitamani sana awe amekosea.

Ulikuwa ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe mkubwa mara nyingi hupona, lakini maziwa hukauka, na ndama hufa ghafla, moyo ukisimama. Mbaya zaidi ni unavyotembea. Unapanda kwenye kwato, kwenye nguo, kwenye matairi, kwenye mkono uliokamua, kwenye mkia wa mbwa. Siku za hali ya unyevu hata upepo huubeba.

Alipiga simu ofisini, eneo lote likatangazwa karantini, sampuli zikachukuliwa. Mstaafu alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akiuliza swali moja, kama ni yeye aliyeuleta. Daktari alimwambia kwamba kwa sasa kazi ni kuuzuia usitoke, hayo mengine baadaye. Kisha akaenda kwenye gari, akakaa kidogo mikono juu ya usukani, akampigia mumewe.

"Leo sirudi nyumbani," alisema.

"Kuna nini?"

"Nimetoka kwa jirani wa posta. Ana ugonjwa wa miguu na midomo. Mimi mwenyewe sasa ni hatari, nguo zangu, gari langu, nywele zangu. Nitalala ofisini, kwenye chumba cha stoo."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Mpe Baba simu."

Alisikia hatua za Fundi zikivuka uwanja, kisha sauti ya mzee, ya heshima kama kawaida. "Naam, Daktari."

"Shikamoo, Baba. Naomba ufunge geti."

"Geti langu?"

"Ndiyo, Baba. Asitoke ng'ombe, asiingie mtu. Maziwa yasiende sokoni, mchemshe mtumie nyumbani. Wekeni karai la dawa mlangoni, Fundi anajua zilipo chupa, na yeyote anayelazimika kupita akanyage humo kwanza. Msikubali mtu, hata awe nani."

"Hata awe nani," mzee alirudia polepole. "Mpaka nani?"

"Mpaka mimi. Mimi ndiye wa kwanza."

Ng'ombe mmoja alilia nyuma ya mzee.

"Unataka nimfungie geti mke wa mwanangu," mzee akasema.

"Nifungie, Baba."

Mchana huo huo mnyororo ambao ulikuwa umening'inia bila kazi kwa miaka ulipitishwa kwenye geti, na baba mkwe akatoa kiti chake sebuleni akakiweka pale mlangoni, karai la dawa upande wa kulia, fimbo upande wa kushoto.

Hapakuwahi kuwa na mlinzi kama yule. Alimrudisha mchukuzi wa maziwa kabla hajashuka kwenye pikipiki. Alimrudisha mpwa wake aliyekuja kuazima ngazi. Ndugu yake wa tumbo moja, kaka mkubwa, alisimama nje ya geti akitukana na kubembeleza, na mzee akamwambia, "Kaka, nakupenda, lakini viatu vyako sivijui." Ofisa mmoja mwenye suti alikuja na faili kukagua kama karantini inafuatwa, akajikuta amekunja suruali mpaka magotini, akikanyaga kwenye karai huku mzee akimhesabia. "Mguu mwingine, mheshimiwa. Na kisigino." Alipokwisha kukanyaga, mzee akamwambia hata hivyo haingii, asome faili lake pale pale.

Daktari alizisikia habari hizi kutoka kwa mumewe, jioni, kwenye geti. Kila siku akitoka kazini alipita, akasimamisha gari ng'ambo ya barabara, akasimama huko huko kwenye majani. Fundi alisimama ndani, mikono juu ya vyuma, maranda ya mbao kwenye nywele. Kati yao kulikuwa na barabara, mnyororo na baba mkwe, ambaye alijifanya anasikiliza redio.

"Tulipokuwa wachumba tulikaribiana zaidi ya hivi," Fundi alipaza sauti.

"Baba yako anasikia."

"Betri ya redio imekwisha tangu juzi. Anasikia kila kitu."

Mzee alizungusha kitufe cha redio kimyakimya, uso hauna habari.

Chakula alipikiwa. Mama mkwe hakukubali kusikia kwamba mkwewe anakula biskuti stoo, katikati ya chupa za dawa. Kila jioni aliweka chakula kwenye chombo, Fundi akakitoa nje ya geti akakiacha ukingoni mwa barabara, akarudi ndani, ndipo Daktari akavuka kukichukua. Sheria ilikuwa moja, aliyoiweka Daktari mwenyewe. Kilichotoka hakirudi. Vyombo vizuri vya mama mkwe vikaisha, vikafuata vya kila siku, kisha vifuniko, kisha birika, na jioni moja chakula kilikuja kwenye bakuli la kupimia unga, limefunikwa na kibao kipya alichoranda Fundi, kimechongwa moyo mdogo pembeni. Stoo ya ofisi ilijaa masufuria mpaka mwenzake akauliza kama anafungua hoteli.

Jioni nyingine, akiwa amesimama majanini na macho yamemwingia ndani kwa uchovu, baba mkwe alikohoa.

"Fundi," alisema, akitazama barabara. "Mwambie mkeo amekonda."

Fundi akamtazama baba yake, akamtazama mkewe hatua chache mbele. "Baba anasema umekonda."

"Mwambie Baba nakula."

"Anasema anakula."

"Mwambie mama yako aongeze," mzee akasema, akarudi kwenye redio yake iliyokufa.

Daktari aliendesha gari akicheka peke yake, kisha katikati ya njia akaona hachekei tena, analia. Alikuwa amechoka. Kwa yule mstaafu wa posta ndama walikuwa wanakwisha. Watu wa njia ile waliacha kumsalimia mstaafu huyo. Walisema ndiye aliyeleta balaa, na dukani walimpa mahitaji yake wakimwekea chini.

Chanjo zilipofika kwenye maboksi ya barafu, Daktari alimpa mwenzake wa ofisi kazi ya kuchanja mashamba ambayo hayajaguswa, yeye akabaki na wagonjwa. Mwenzake alivaa ovaroli mpya, akaenda. Baba mkwe alimwangalia juu hadi chini.

"Kwa nini hakuja yeye?" akauliza.

"Ametoka kwa wagonjwa, mzee. Mwenyewe ndiye aliyenituma."

Mzee alifikiri, akafungua mnyororo. Ng'ombe wote wakachanjwa. Daktari alitazama kutoka ng'ambo ya barabara, akiona mkono wa mwenzake ukipanda na kushuka, akijua kwamba chanjo haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Mwili unahitaji muda kujiandaa. Aliomba muda huo upatikane.

Haukupatikana wote.

Asubuhi moja, jua ndiyo kwanza linatoka, simu yake ililia, na jina alilosoma hakuwahi kuliona likimpigia. Alikuwa baba mkwe mwenyewe.

"Daktari," alisema. "Bibi Harusi hali chakula."

Bibi Harusi alikuwa ng'ombe wake mkubwa, mwenye uso mweupe kama aliyefunikwa shela, aliyekuwa anatembea polepole na kutaka wengine wampishe.

"Shika masikio yake, Baba. Yana moto?"

"Yanaunguza."

"Mfungue mdomo. Taratibu. Niambie unaona nini kwenye ulimi."

Alisikia mzee akihema, akasikia maneno ya kubembeleza. Sauti iliporudi ilikuwa ya mtu mwingine, mzee zaidi.

"Lengelenge. Kama la mtu aliyeungua kwa chai."

Daktari alifumba macho. "Nakuja, Baba."

"Na geti?"

"Lifungue. Hakuna tena cha kunizuilia."

Hivyo ndivyo alivyorudi nyumbani. Siku ugonjwa ulipoingia ndiyo siku aliyoruhusiwa naye kuingia, na pale getini hakuna aliyejua kama ni siku ya kulia au ya kushukuru. Mama mkwe alimkumbatia akisema "pole" na "karibu" kwa pamoja mpaka maneno yakagongana. Fundi alimshika mkono, kiganja chake kina mikwaruzo ya msasa, hakuuachia mpaka walipofika mlangoni mwa banda. Hapo baba mkwe alikuwa amesimama. Hakumfutia kiti. Alimkabidhi kamba ya Bibi Harusi mkononi, akasogea upande mmoja.

Walifanya kazi pamoja kuanzia siku hiyo. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuua kirusi chake. Kilichopo ni kumtunza mnyama asioze vidonda, asife njaa. Daktari aliosha vinywa kwa maji ya chumvi, akasafisha katikati ya kwato, akapaka dawa, akachoma sindano kwa wale ambao vidonda vilianza kuharibika. Mzee alishika vichwa. Fundi alikatakata majani laini mpaka yakawa kama ya kulisha mtoto asiye na meno, na akamwaga maranda makavu chini ili miguu yenye vidonda ipate pa laini. Kwa kuwa chanjo ilikuwa imeanza kidogo kuingia mwilini, wengi waliugua nusu. Daktari aliliona hilo akapata nguvu.

Siku ya pili ya kuosha vinywa, mzee alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokishika, "Nilikwenda kwa yule jirani wa posta."

Daktari aliendelea kumimina maji.

"Nilimsikia analia," mzee akaendelea. "Mtu mzima, analia ndani ya banda lake. Ng'ombe wake wamekauka, watu hawampi hata chai. Nikampelekea maziwa kwa nyuma, kupitia uzio. Namimina kwenye chungu chake, sigusi kitu. Siku moja mkono wake ukalegea, chungu kikataka kuanguka, nikaruka mtaro kumsaidia. Nikakibeba mpaka mlangoni kwake." Akatazama miguu yake. "Nilivaa ndala hizi hizi. Nikarudi kwa nyuma. Karai liko mbele."

Daktari alizitazama ndala. Zilikuwa za kawaida, zimelika kisigino, tope limekauka pembeni. Alifikiri juu ya mzee huyu aliyemrudisha ndugu yake wa tumbo moja, aliyemkunjisha suruali mheshimiwa, kisha akaruka mtaro kwa sababu mtu alikuwa analia.

"Baba," alisema, "ugonjwa huu hata upepo unaubeba. Mbwa wa njia nzima wanapita uzio wako. Hakuna mtu anayeweza kukuambia ni ndala."

"Unanipoza."

"Nakwambia kweli." Na ilikuwa kweli, ingawa haikuwa kweli yote, na wote wawili walilijua hilo. "Ila ndala tutazichoma."

Mzee alizivua hapo hapo akasimama pekupeku kwenye maranda, akashika kichwa cha ng'ombe anayefuata.

Ndama wa Bibi Harusi alianza kuugua siku iliyofuata. Alikuwa jike mdogo, mweupe usoni kama mama yake, miguu mirefu kuliko mwili. Daktari alikataza asikimbizwe, asishikwe kwa nguvu, moyo wake usishtuliwe. Wakamtengea pembe yake kwenye maranda. Mchana alikaa chini naye, kichwa cha ndama kwenye mapaja yake, akimpa maziwa ya uvuguvugu kwa chupa, tone kwa tone. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Ndama alinyonya kidogo, akapumzika, akanyonya tena. Kisha alinyoosha miguu ya mbele, akashusha pumzi moja ndefu, kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, na chupa ikabaki mdomoni haivutwi.

Daktari hakuinua uso. Aliendelea kumpapasa ndama shingoni, juu, chini, ingawa alijua. Miaka yote ya kazi yake wanyama walikuwa wamemfia, na kila mara alijua la kusema kwa mwenye mnyama. Sasa mwenye mnyama alikuwa baba mkwe. Alisikia miguu mitupu ikija juu ya maranda. Alisikia magoti ya mzee yakilia alipokuwa anajishusha, kwa shida, mpaka akakaa chini kando yake, migongo yao ukutani.

"Unajua kwa nini sikuwahi kukuita?" mzee aliuliza.

"Nilidhani huniamini, Baba."

"Yule bwana wa baiskeli ng'ombe walimfia hapa, zaidi ya mara moja. Nilimnunia. Nikikutana naye njiani nageukia upande mwingine, mpaka ghadhabu inaisha yenyewe. Yeye si mtu wa nyumba hii, kwa hiyo haikudhuru." Alikuwa anaongea na ukuta wa mbele. "Wewe ni wa nyumba hii. Nikawaza, siku ng'ombe akikufia mkononi, nami ninavyojijua, nikakununia, tutakaaje meza moja? Fundi ashike upande wa nani? Nikaona bora usiwaguse kabisa. Si wewe niliyekuogopa, ni mimi mwenyewe."

Ng'ombe mmoja alikuwa anakojoa upande wa pili wa banda. Walisubiri mpaka amalize.

"Sasa amekufa," Daktari akasema.

"Amekufa."

"Umeninunia, Baba?"

Mzee alijichunguza kweli, kama mtu anayepapasa mifuko yake kutafuta kitu anachoamini kimo. Kisha akageuka akamtazama usoni, moja kwa moja, kitu ambacho kwa adabu yake hakuwahi kukifanya.

"Nina huzuni," alisema. "Lakini kununa, hapana. Nimetafuta, sioni." Akanyoosha mikono, akakichukua kile kichwa cheupe kutoka mapajani mwake, akakilaza juu ya maranda. "Inuka sasa, mwanangu. Miguu yako imekufa ganzi."

Kweli ilikuwa imekufa ganzi, na alihangaika kusimama mpaka hakusikia vizuri alichoitwa. Alilisikia baadaye, akiwa bombani anaosha mikono. Akafunga maji akasimama pale kitambo, mikono inadondosha maji, akilirudia lile neno kichwani.

Fundi alichimba shimo refu nyuma ya karakana. Wakamzika ndama na kumwagia chokaa, na mama mkwe akasema maneno machache ya kumuaga, nusu ya dua na nusu ya kumlaumu kwa kuondoka mapema.

Hakufa mwingine. Waliumwa, wakakonda, maziwa yakapungua mpaka ikawa aibu kupeleka ndoo bandani. Kisha asubuhi moja Bibi Harusi alinyoosha shingo akavuta tonge la majani kwenye hori, akatafuna kwa tahadhari, akameza, akavuta jingine. Mzee alimwita mkwewe kutoka chooni, kwa jinsi alivyoshindwa kusubiri. Wote wanne wakasimama mbele ya hori wakimtazama ng'ombe akila.

Karantini ilipoondolewa, jambo la kwanza mzee alilofanya lilikuwa kuoga, kuvaa viatu vilivyosuguliwa, na kumwomba mkwewe amsindikize kwa jirani wa posta. Mstaafu aliwafungulia mlango mwenyewe, amepungua, shati linamning'inia. Mzee hakuzunguka.

"Hukujua," alimwambia. "Na mimi nilijua, nikaruka mtaro. Kwa hiyo tusiulizane."

Watu walipoona baba mkwe, ambaye ndiye aliyepata hasara, anakunywa chai kibarazani kwa mstaafu, nao wakaanza kumsalimia, kwanza kwa mbali, kisha kwa mkono. Fundi alimjengea banda dogo pembeni, mbali na zizi, kwa mbao zilizobaki, la kumweka mnyama mpya mpaka ijulikane hana ugonjwa. Kisha akajenga la pili kwa baba yake. Mzee alilisifu. Alisema kumbe ndivyo ilivyo hata kwa wakwe, wanakaa kwanza pembeni mpaka mtu awajue, na mama mkwe akamwambia asifanyie utani hasara ya miaka miwili ya kumweka mkwe wao pembeni.

Msimu wa chanjo uliofuata, mzee alitembea njia nzima kabla ya siku yenyewe. Mlango kwa mlango, aliwaambia wafugaji wenzake wafunge ng'ombe mapema. "Mkwe wangu anakuja," alisema. "Msihangaike na kiti. Mwekeeni maji." Na waliosema tutaangalia, alisimama pale pale mpaka wakabadilisha jibu, maana alilijua neno hilo kuliko wao.

Siku hizi Daktari na mzee wanagombana. Fundi anasema nyumba ilikuwa na amani zaidi walipokuwa wanaheshimiana. Jioni moja mabishano yalikuwa juu ya Bibi Harusi, ambaye tangu augue anahema sana jua likiwa kali. Daktari alitaka apumzishwe, asipandishwe msimu huu. Mzee alisema anamjua ng'ombe wake, yuko tayari.

"Tazama kwato zake, Baba, bado hazijashikana vizuri."

"Hizo kwato zilikuwa hivyo toka azaliwe."

"Haya, mshike nikuonyeshe."

Mama mkwe aliita chakula, akaita tena. Hakuna aliyeitika. Mzee alikuwa amemshika Bibi Harusi kamba, Daktari amepiga goti na mguu wa nyuma juu ya paja lake, na wote wawili walikuwa wameinama, vichwa vinakaribia kugusana, wakiutazama ukwato.